Mia Tatu na Nne

Picha laki moja na elfu arobaini,
zote za vioo, zote za mpiga picha mmoja wa Ruse
aliyekufa na deni la makaa.
Manispaa ilizinunua kwa bei ya rafu zake.
Ognyan akazifuta kwa pamba, akaziskani majira mawili ya baridi,
kisha akaniletea diski tatu ndani ya mfuko wa mkate
akasema: Zifungulie mlango.

Nikazifungulia. Kwa kiunzi cha Java, usiku,
nikaandika njia fupi, ya uvivu:
kila picha iingie kumbukumbuni nzima,
ipunguzwe, ndipo itumwe.
Nzima! Megabaiti thelathini za harusi
kwa kijipicha cha ukubwa wa stempu.
Na kila mgeni nikampa kipindi chenye kufuli,
picha zake sitini za ukurasa mmoja
zikajipanga nyuma ya ufunguo mmoja
kama ukoo mzima na kijiko kimoja.

Jumatatu, saa nne asubuhi, mji
ulikuja kutafuta bibi zake.
Seva ikabandika, ikabandua, ikabandika,
nyuzi mia mbili zikashikana mashati,
mfagiaji wa kumbukumbu akafagia huku akimwagiwa taka,
na saa nne na dakika kumi na moja,
kimya.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mimi niliyeupima kwa picha tano za majaribio
siku hiyo niliubeba usufi ulioloa.

Siku tisa za kurekebisha; sitazisimulia zote.
Vijipicha nilivikata mapema, mara moja, vikalala diskini.
Picha kubwa nikaziacha zitiririke, kibaba kwa kibaba,
zipite bila kuomba chumba.
Mlangoni nikaweka mtumishi mdogo asiyejua Java,
asiyejua lolote ila kuchukua faili na kulitoa.
Ognyan alicheka: Huyo ndiye mwenye akili.
Kila picha nikaipa alama ya kidole chake,
ili mgeni akirudi na alama ileile
ajibiwe namba tu, mia tatu na nne:
haijabadilika, unayo tayari.

Ndipo nikapata nafasi ya kusoma daftari la seva.

Kulikuwa na mtu. Kila usiku, saa tisa kasoro,
picha ileile: mvulana wa kinyozi na ndoo yake,
jicho moja amelifumba kwa jua.
Katika siku zile mbovu aliingoja sekunde arobaini,
nywele kwanza, kisha paji, kisha inakatika.
Alianza upya. Mara sita. Usiku mmoja mara kumi na nne,
mpaka kidevu, mpaka ndoo.
Sasa mstari wake ulikuwa mfupi.
Mia tatu na nne. Kesho yake, mia tatu na nne.
Kama mtu anayebisha hodi, si ili aingie,
bali asikie kuwa ndani kuna watu.

Ognyan aliuliza mbona tunajibu kila siku
swali ambalo jibu lake limekauka kwenye kioo.
Kweli. Yule mvulana hakui.
Ijumaa nikaongeza mstari mmoja:
kaa na picha hii mwaka mzima, usiulize.
Grafu ikashuka kama lifti.
Meya alituletea banitsa, ya moto, kwenye sinia la mkewe.

Na saa tisa kasoro, daftari tupu.

Anayo kwake, najua. Inafunguka
kabla kidole hakijanyanyuka.
Ndiyo kazi niliyolipwa: asinihitaji.
Lakini bado naamka, theluji ikiteleza juu ya paa la bati la gereji,
naperuzi mistari ya wengine, wanafunzi, roboti,
mtu wa Varna anayetafuta farasi.

Mwaka utaisha Machi.
Kivinjari chake kitasita, kitaona tarehe imepita,
kitarudi kuuliza.
Kama bado yupo wa kukifungua.
Jibu nimeshaliandika.